Amana ya Mchoraji Mkononi mwa Mpiga Picha

Katika fani zote zilizozaliwa na kamera, iko moja ambayo sifa yake kuu ni kutoonekana. Mpiga picha za arusi hupamba, mpiga picha za magazeti hulidaka tukio kabla halijapita, na mpiga picha za nchi na wanyama hungoja saa ambayo jua litamtunuku uzuri asioweza kuutengeneza mwenyewe. Lakini yule aliyekabidhiwa mchoro uliokwisha kukamilika, ili aupige picha kwa ajili ya kitabu, kalenda, kadi ya posta au kumbukumbu ya makumbusho, hana ruhusa ya kupamba wala ya kungojea uzuri, kwa kuwa uzuri umekwisha kuwekwa na mwingine, naye kazi yake ni kuupokea na kuufikisha kama ulivyo. Akiifanya kazi hiyo vema, msomaji wa kitabu hatamkumbuka hata kidogo; atautazama mchoro. Akiifanya vibaya, msomaji hataujua mchoro kamwe, na aghalabu hatatambua hata kuwa amedhulumiwa.

Uzito wa jambo hili hudhihirika pale mchoro wenyewe unapopotea. Gustav Klimt wa Austria, mwanzoni mwa karne ya 20, alichora michoro mitatu mikubwa kwa ajili ya dari ya ukumbi wa Chuo Kikuu cha Vienna, mmoja wa Falsafa, wa pili wa Utabibu na wa tatu wa Sheria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili michoro hiyo ilipelekwa kuhifadhiwa katika ngome ya Immendorf, na mwezi wa Mei 1945 ngome hiyo ikateketea kwa moto pamoja nayo. Kilichosalia ni picha zilizopigwa zamani, nazo karibu zote ni za nyeusi na nyeupe; kwa hiyo walimwengu wanajua hata leo kila mwili ulikaaje na kila mkono uliinuliwa wapi, lakini rangi, isipokuwa za sehemu chache, zimekuwa jambo la kukisia. Mpiga picha wa wakati ule aliokoa alichoweza kwa vyombo alivyokuwa navyo. Sisi tulio hai leo hatuna udhuru wake, maana vyombo vya kuokoa rangi pia vimo mikononi mwetu.

Wala katika Afrika Mashariki hatuhitaji vita ili tupoteze michoro. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta zenye kung'aa, zile zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi ambavyo vingi vilikuwa vya mraba wenye upande wa kadiri ya sentimita 60. Kazi zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka kama minne tu ya kuchora, lakini wanafunzi wake na wafuasi wao waliiendeleza fani hiyo hata wakaunda chama chao cha ushirika mwaka 1990, na jina la mwalimu wao likawa jina la mtindo mzima. Michoro aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe imetawanyika katika nyumba za watu Ulaya na kwingineko ng'ambo, na ya wafuasi wake inazidi kutawanyika kila msimu wa watalii. Hiyo ndiyo riziki ya mchoraji, wala hakuna wa kuilaumu. Lakini mchoro ukishapanda ndege, kinachobaki nyumbani ni picha yake, na kama picha hiyo ni mbovu, basi nyumbani hakikubaki kitu.

Basi na tuuchukue ubao mmoja wa namna hiyo uwe mfano wetu: tausi wawili wametua kwenye tawi, mbawa zao zimejaa madoa ya buluu na kijani, nyuma yao rangi ya chungwa inafifia taratibu hadi kuwa manjano, na juu ya vyote umetanda mng'aro ambao ndio fahari ya rangi ya mafuta. Kwa macho, ubao huu hauna taabu yoyote. Mtazamaji husogeza kichwa kidogo, mng'aro ukahama, naye akaona yaliyo chini yake. Kamera haisogezi kichwa. Ina jicho moja, imesimama mahali pamoja, na lile lisiloonekana kwake katika sehemu ile ya sekunde limekosekana daima.

Tena jicho la kamera halikuumbwa kwa mfano wa jicho la binadamu. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, vioo vilivyopakwa dawa ya fedha, ambavyo ndivyo vilivyokuwa filamu ya siku zile, vilihisi nuru ya buluu na urujuani tu, hata mbingu ya buluu katika mchoro ikatoka nyeupe na vazi la manjano likatoka jeusi. Ilikuwa mwaka 1873 ambapo Hermann Wilhelm Vogel, mwanakemia wa Berlin, aligundua kuwa rangi fulani za kutilia nguo, zikichanganywa na dawa ile, huifanya ihisi kijani na manjano pia. Kabla yake, mwaka 1861, James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Scotland, alikwisha kuonyesha kuwa picha tatu za kitu kimoja, zilizopigwa kupitia filta nyekundu, kijani na buluu, zikikutanishwa kwa nuru za rangi hizo hizo huirudisha picha yenye rangi zake. Na kamera za leo zingali zikifuata kanuni hiyo, kwa kuwa kila nukta ya kihisi chake imefunikwa filta ya moja kati ya rangi hizo tatu. Lakini filta hizo hazilingani barabara na vihisi vilivyomo katika jicho letu, kwa hiyo kamera hukadiria, na makadirio yake kiwanda huyaelekeza kwenye kuwapendeza wanunuzi: nyuso ziwe na uchangamfu, mbingu iwe buluu zaidi, majani yawe mabichi kuliko yalivyo. Kwa picha za ndugu na jamaa hayo ni mema. Kwa tausi wetu ni uongo, maana mchoraji alikwisha kuamua buluu yake iwe ya kadiri gani.

Kwa sababu hiyo fundi wa kazi hii hafanyi kwa kubahatisha, anapima. Jambo la kwanza analolipima ni unyofu, kwani ubao wa mraba ukitoka katika picha umetanuka chini na kusinyaa juu, kompyuta yaweza kuunyoosha, lakini kwa kupunguza ukali wake. Mchoro husimamishwa ukutani au hulazwa mezani, na kamera hufungwa juu ya stendi imara. Pimamaji huonyesha kama kamera imekaa sawa, lakini haiwezi kusema kama mchoro nao umekaa sawa mbele yake. Hapo mafundi wana hila moja nyepesi, isiyo na gharama. Huweka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa mchoro, kimelala bapa juu ya ukuta ule ule, kisha hutazama kupitia kamera. Wakiliona tundu la lenzi yao wenyewe katikati kabisa ya fremu, basi kamera na mchoro vimekabiliana uso kwa uso, na likionekana limekwenda kushoto au juu, kamera husogezwa kidogo kidogo hadi jicho lile jeusi likae katikati. Lenzi inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa vitu vya karibu, isiyopinda mistari ya pembeni, nayo tundu lake hubanwa hadi kadiri ya f/8, kwa sababu likiachwa wazi mno pembe za mchoro hulegea, na likibanwa mno, kama f/16 na kuendelea, nuru yenyewe hutawanyika kwenye ukingo wa tundu na kuufifisha ukali wa picha nzima.

Jambo la pili ni ulinganifu wa nuru. Nuru hupungua upesi kadiri inavyokwenda mbali, maana kitu kilicho umbali wa mita mbili kutoka kwenye taa hupata robo tu ya nuru ya kile kilicho umbali wa mita moja. Na kama taa moja itawekwa upande wa kushoto wa ubao wetu, mita moja tu kutoka ukingo ulio karibu, ukingo wa kulia utapata chini ya nusu ya nuru ya ule wa kushoto, na tausi mmoja atatoka mchangamfu ilhali mwenzake amegubikwa. Dawa yake ni taa mbili zilizo sawa, moja kila upande, zote zikiwa mbali kwa kadiri chumba kinavyoruhusu na kuelekezwa kwenye mchoro kwa nyuzi 45, tena kila taa ikilengwa upande ulio mbali nayo ili upande wa karibu upate pembezoni mwa nuru yake. Kisha fundi huchukua mita ya mwanga akapima pembe zote nne na katikati, na hapigi picha mpaka vipimo vyote vitano vikubaliane. Wengine huongeza hadhari: hupiga picha ya karatasi nyeupe tupu yenye ukubwa wa mchoro katika nuru ile ile, na programu ya kompyuta ikaitumia picha hiyo kusawazisha tofauti ndogo ambazo mita haikuzikamata.

Jambo la tatu ndilo linalowashinda wengi, nalo ni mng'aro. Taa zikiwekwa kwa nyuzi 45, mchoro wa rangi ya maji juu ya karatasi hautaleta ushindani, kwa sababu nuru inayorudi moja kwa moja hupita pembeni isiingie katika lenzi. Lakini rangi ya mafuta haikulala bapa kama kioo cha dirisha. Brashi imeacha matuta na vifereji, na kila tuta lina mteremko wake unaoiona taa kwa pembe yake, hata ukiukaribia ubao utaona juu ya kila doa la bawa la tausi kijinukta cheupe, na vijinukta hivyo elfu kwa elfu hufanya utando wa ukungu unaoila buluu na kuifanya nyeusi kuwa kijivu.

Ufumbuzi wake ulianzia mbali. Mwaka 1808, Étienne-Louis Malus, mhandisi Mfaransa, alikuwa akitazama kupitia kipande cha fuwele nuru ya jua la jioni iliyorudishwa na madirisha ya jumba la Luxembourg mjini Paris, akaona kwamba alipoigeuza fuwele mkononi, nuru ile iliongezeka na kupungua. Alikuwa amegundua kwamba nuru iliyorudishwa na uso unaong'aa haitikisiki pande zote kama nuru ya kawaida, bali ina upande inaoupendelea. Na zaidi ya miaka 100 baadaye Edwin Land wa Marekani akatengeneza karatasi angavu ya plastiki yenye uwezo wa kuchuja nuru kwa mtikisiko wake, ambayo leo huitwa polaraiza. Fundi wetu huweka karatasi hiyo mbele ya kila taa, ili nuru yote iuangukiayo mchoro iwe inatikisika upande mmoja. Nuru inayogonga juu ya mng'aro na kuruka papo hapo hubaki na mtikisiko wake ule ule. Lakini ile iliyopenya ndani ya rangi, ikagongana na chembe zake na kutoka tena ikiwa imebeba buluu au chungwa, mtikisiko wake huwa umekwisha kuvurugika. Basi filta ya pili ya polaraiza, iliyofungwa mbele ya lenzi na kugeuzwa hadi iikatize ile ya taa kwa pembe mraba, huufungia mlango mng'aro na kuipisha rangi.

Ili ajue pembe hiyo imefika, fundi huweka golori ya chuma kando ya mchoro. Juu ya golori huonekana nukta mbili kali, kila moja ikiwa ni sura ya taa moja; naye huigeuza pete ya filta taratibu, akitazama nukta zile zikififia, zikawa vimulimuli hafifu vya buluu iliyokoza, kisha zikazimika. Akiutazama mchoro wakati huo huona jambo ambalo hata aliyelizoea halimchoshi: ule ukungu umeondoka, nyeusi imerudi kuwa nyeusi, na kila doa katika bawa limesimama peke yake na mpaka wake. Lakini filta hizo mbili kwa pamoja huacha ipite chini ya robo ya nuru iliyokuwapo, kwa hiyo shata hukaa wazi muda mrefu zaidi, na katika muda huo hata nyayo za mtu anayepita sakafuni zaweza kuitikisa stendi. Ndiyo maana kamera hufyatuliwa kwa waya au kwa saa yake yenyewe, na watu wote wakasimama kimya.

Yafaa isemwe pia kuwa njia hii ina madhara yake. Dhahabu na rangi nyingine za madini ya kung'aa hutoka zimekufa, kwa kuwa uhai wao wote ni mng'aro. Na rangi ya mafuta yenyewe hukolea kuliko inavyokolea mbele ya macho yetu, maana hakuna mtu aliyepata kuiona bila mng'aro wake. Mafundi waangalifu, kwa hiyo, hupiga picha mbili: moja ya rangi, mng'aro ukiwa umezimwa, na nyingine ya uso, taa moja ikiangaza kutoka ubavuni kabisa ili matuta ya brashi yatoe vivuli vyake. Ya kwanza hueleza mchoro una rangi gani, na ya pili hueleza mkono uliouchora ulitembeaje.

Jambo la nne ni rangi yenyewe, na hapa ndipo amana inapopimwa kwa tarakimu. Kila nuru ina rangi yake: balbu ya kizamani ya nyumbani, ambayo kipimo chake ni kadiri ya kelvini 2,700, huegemea manjano, kivuli chini ya mbingu safi, kinachopita kelvini 7,000, huegemea buluu, na wachapaji duniani wamekubaliana kuzitazama nakala zao katika nuru ya kelvini 5,000. Jicho letu husamehe tofauti hizo bila sisi kujua, lakini kamera haisamehi. Tena ziko taa rahisi za LED ambazo kwa kuzitazama ni nyeupe, kumbe nyekundu yake ni haba, na mchoro wenye damu au jua la machweo ukiangazwa nazo hutoka umepauka. Hata kuta na mavazi yana neno lao: chumba kilichopakwa kijani huimwaga kijani juu ya mchoro, na shati jekundu la mpiga picha hufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu mafundi wa kazi hii huvaa nguo nyeusi na kufanyia kazi katika vyumba vya kijivu au vyeusi.

Baada ya kuisafisha nuru, fundi huweka kando ya mchoro kadi ya miraba 24, iliyoanza kutumika mwaka 1976, yenye ngazi ya kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi na rangi nyingine zilizochaguliwa kwa makini. Thamani ya kila mraba imepimwa na kujulikana. Hivyo programu ya kompyuta huweza kulinganisha jinsi kamera ilivyouona mraba na jinsi mraba ulivyo, ikaandika kanuni ya kusahihisha tofauti, na kanuni hiyo ikausahihisha mchoro wote. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ilipanga tangu mwaka 1931 utaratibu wa kuzitaja rangi kwa tarakimu, na mwaka 1976 ikatoa utaratibu mwingine unaowezesha hata umbali kati ya rangi mbili kuhesabiwa. Umbali wa moja ni karibu na ukomo wa jicho zuri lililofunzwa, na kadiri umbali unavyozidi, ndivyo hata mtu asiye na mafunzo anavyoanza kusema kuwa rangi hizi mbili si moja. Kwa kipimo hicho, mtu hawezi tena kujitetea kwa kusema kuwa kwake yeye picha yaonekana sawa.

Hata hivyo tarakimu hazikumaliza kazi ya jicho. Ziko rangi, hasa baadhi ya buluu, ambazo pamoja na buluu yake hurudisha nuru ya mwisho kabisa wa wekundu, ambayo jicho la mtu haliihisi sana na kamera huihisi, nazo hutoka zikielekea zambarau; na kadi ya miraba 24 haiwezi kujua kuwa mchoraji alitumia kopo gani. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kuuweka mchoro halisi kando ya skrini iliyorekebishwa kwa kipimo, katika nuru iliyo sahihi, na kulinganisha bawa kwa bawa na jani kwa jani. Kwa michoro yetu hatua hii ina saa yake: lazima ifanywe kabla ya ubao kuuzwa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna cha kulinganisha nacho.

Ukubwa wa picha ni hesabu nyepesi, lakini wengi huipuuza. Wachapaji wa vitabu hudai nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Ubao wetu wa sentimita 60 ni inchi 23.6, kwa hiyo nakala ya ukubwa wake halisi yahitaji nukta 7,087 kila upande, yaani milioni 50 kwa jumla. Kamera ya megapikseli 24 huupa mraba huo nukta 4,000 tu kila upande, ambazo zatosha na kuzidi kwa ukurasa wa jarida, lakini hazitoshi kwa nakala ya kutundikwa ukutani mahali pa mchoro. Asiye na kamera kubwa aweza kuupiga mchoro vipande vipande, akiisogeza kamera au mchoro bila kubadili umbali, na kuviunga baadaye. Njia hiyo ndiyo waliyoitumia mafundi wa jumba la Rijksmuseum mjini Amsterdam kwa mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 ujulikanao kama Ulinzi wa Usiku: mwaka 2022 walitangaza picha yake ya nukta bilioni 717, iliyoungwa kutokana na picha 8,439, ambayo hata ufa ndani ya tone la rangi waweza kuchunguzwa humo. Si kila mchoro unaohitaji kiasi hicho, ila kila mchoro wastahili kanuni hiyo, kwamba matumizi ya picha yajulikane kwanza, ndipo ukubwa wake uamuliwe.

Amana hiyo yaweza kupotea hata mahali pa mwisho kabisa, yaani kiwandani kwa mchapaji. Mashine ya kuchapa vitabu hutumia wino wa rangi nne, sayani, majenta, manjano na nyeusi, na mawanda ya wino hizo ni madogo kuliko mawanda ya rangi za mafuta. Chungwa kali nyuma ya tausi wetu na kijani cha mbawa zao ni miongoni mwa rangi ambazo karatasi huzipokea kwa shida. Mpiga picha mwaminifu huitazama mapema katika kompyuta athari hiyo, akaamua kwa busara namna ya kuzipunguza rangi bila kuvunja uhusiano kati yake, na mchapaji mwaminifu hutoa chapa ya majaribio kabla ya kuiendesha mashine. Palipokosekana chapa ya majaribio, kosa moja hujirudia katika kila nakala.

Katika hatua zote hizo kishawishi ni kimoja, nacho ni kuutengeneza mchoro uwe mzuri kuliko ulivyo. Vumbi lililoingia siku ya kupiga picha na lifutwe. Lakini ufa wa rangi, tone lililochuruzika, mstari uliokosewa ukarudiwa, na sahihi iliyoandikwa karibu mno na ukingo, hizo ni mali ya mchoro. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono, hawakujiona kuwa na haki ya kuongeza nukta wala kuipunguza, ingawa walikuwa mabingwa wa hati na nakshi. Na mpiga picha wa michoro amekalia kiti kile kile cha mnakili. Tena akumbuke kuwa kununua ubao si kununua haki ya kuuzalisha, kwa hiyo ruhusa ya mchoraji au warithi wake hutafutwa kabla ya kalenda kuchapwa, na jina lake huandikwa chini ya picha.

Huenda msomaji ambaye ni mchoraji akasema kuwa taa, filta na kadi hizi ni za wenye fedha. Ni kweli kwa sehemu, lakini kanuni zenyewe hazina bei. Mchoro usimamishwe barazani, kivulini, siku ambayo mawingu yametanda, wala usipigwe juani. Miti yenye majani mengi na kuta zilizopakwa rangi kali ziepukwe. Kwa ubao unaong'aa, kaniki au kitambaa chochote cheusi kitundikwe nyuma ya mpiga picha, kwa sababu sehemu kubwa ya mng'aro ni sura ya vitu vyeupe vilivyo nyuma yake. Mwenye simu asisogee mno, bali arudi nyuma na kutumia lenzi ya kuvuta karibu ikiwa simu yake inayo, ili pande za mraba zisipinde. Aifunge simu mahali imara. Aache nafasi pembeni na kuweka humo rula na karatasi ya kijivu. Na kama simu yake yaweza kuhifadhi picha ghafi isiyopambwa na programu, aichague hiyo. Picha ya namna hiyo haitafikia ya jumba la makumbusho, lakini itakuwa na kipimo ndani yake, na fundi atakayeipokea siku za baadaye atakuwa na pa kuanzia.

Jambo hili limekabidhiwa watu watatu, na kila mmoja ana sehemu yake. Mchapishaji wa vitabu na majarida asipokee picha ya mchoro isiyo na kadi ya rangi pembeni yake, wala asiione gharama ya mpiga picha kuwa ziada ya kupunguzwa. Makumbusho, vyuo na vyama vya wachoraji viwe na chumba kimoja, taa mbili na filta zake, ambapo mwanachama ataweza kuleta ubao wake kabla ya kuupeleka sokoni, na nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, zikiwa na jina la mchoraji, ukubwa wa ubao, aina ya rangi na mwaka. Na wewe mchoraji, ukipata mnunuzi leo, mwombe saa moja tu kabla hajaufunga mzigo wake: upige picha mchoro wako ipasavyo, uandike habari zake, ndipo umruhusu auchukue.